Jinsi ya kuchambua mbinu zinazofichua dhuluma ya rangi katika hadithi fupi

Tuchukue "The Lemon Orchard", hadithi ya Alex La Guma, mzaliwa wa Cape Town, kuhusu Weupe wanaomwongoza usiku mwalimu asiye Mweupe hadi kwenye bustani ya milimau ili wampige.

Anza na majina. Mfungwa huyo hatajwi kwa jina popote. Wanaomteka humwita kwa matusi ya rangi tu, huku wakimlazimisha awaite mabwana. Kimya chake kabla hajalazimishwa kujibu, basi, kisomwe kama usemi, maana ndiyo njia yake ya kukataa kuwatii.

Kisha kaa sana kwenye mandhari, kwa kuwa hapo ndipo kinaya, yaani mgongano kati ya kinachoonekana na kinachotendeka, kilipo: harufu tamu ya malimau na majani yanayong'aa kwa mbalamwezi vinazunguka ukatili unaotayarishwa bila haraka. Wanafunzi wengi huishia kuandika "taswira" na kwenda mbele, ilhali alama za mtihani zipo katika kueleza kwa nini uzuri huo unatisha.

Mwisho, angalia kilichoachwa. Hadithi inakoma kabla ya pigo la kwanza, na taharuki hiyo inamwachia msomaji kazi ya kulikamilisha tendo hilo akilini mwake.