Nibu kwanza, kalamu baadaye

Kalamu kuukuu ya wino hununuliwa kwa macho lakini huandika kwa nibu, kile kibamba cha madini chenye ncha inayogusa karatasi. Anayenunua kalamu ya miaka ya 1930 au 1940 hukagua rangi ya mwili, pete za kifuniko na jina la kiwanda. Akifika nyumbani anakuta mstari wake ni mnene kuliko mwandiko wake, au inakwaruza kila inapopanda. Mimi hufuata mkondo wa kinyume: naitafuta nibu, na mwili wowote utakaokuja nayo naupokea, hata ukiwa umepauka.

Ushauri huu una mwenyewe, na ni haki yako kumjua. Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya watu, maana yake kutwa naandika maneno madogo kati ya mistari iliyochapwa. Naandika kwa mkono wa kushoto. Anayetumia mkono wa kulia huikokota nibu anapoelekea kulia. Mimi naisukuma, ncha ikiwa mbele na uzito wa mkono ukiwa nyuma yake. Nibu ambayo wewe unaisifu kwamba inateleza huenda ikanichimbia karatasi. Kwa hiyo nikiiponda nibu unayoipenda, usiiuze kwa ajili yangu.

Usome mwandiko wako kwanza

Chukua ukurasa ulioandika wakati hukuwa ukifikiria kalamu. Orodha ya vitu vya kununua inafaa kuliko barua ya mapenzi, maana kwenye orodha hukuwa ukijirembesha.

Pima urefu wa herufi zako ndogo, a na e. Zisipofika milimita 2, mstari wa milimita 0.8 utaziba matundu yake na ukurasa utaonekana una madoa badala ya maneno. Kwa masahihisho mimi nahitaji mstari wa kama milimita 0.4, kwa barua, ambako herufi zangu hujiachia, 0.7 haunisumbui.

Halafu geuza karatasi, upapase mgongo wake kwa ncha ya kidole. Ukihisi maneno yametuna, wewe ni mkandamizaji. Hilo si kosa, ila linakuchagulia nibu: unataka ngumu, isiyofunguka ovyo.

La mwisho ni namna unavyoishika. Andika mistari kadhaa, simama ghafla bila kubadili mshiko, uangalie uso wa nibu. Ukitazama juu moja kwa moja, uko huru kuchagua umbo lolote. Ukiwa umegeukia upande mmoja, nibu iliyokatwa bapa itagusa karatasi kwa pembe moja tu na kukwaruza. Itakufaa ya duara, au ya mshazari iliyokatwa kuelekea upande huohuo unaougeuzia.

Alama ambazo hazisemi unachodhani

Mtu aliyezoea kalamu za leo hutafuta herufi F, M au B, yaani nyembamba, wastani au pana. Nibu nyingi za zamani hazina herufi yoyote. Zina nambari, na nambari hiyo mara nyingi ni ukubwa wa nibu yenyewe, si unene wa mstari. Kwenye kalamu ya Waterman 52, tarakimu 5 inaeleza kwamba kalamu hujazwa kwa wenzo mdogo wa pembeni, na 2 ni saizi ya nibu. Nibu nambari 2 inaweza kuandika mstari mwembamba sana au mnene, inaweza kuwa laini au ngumu kabisa. Ukiambiwa "ni namba 2" bado hujaambiwa kitu kuhusu uandikaji wake.

Neno "Warranted" ("yenye dhamana") lililochorwa kwenye nibu nalo huwatisha wanunuzi bure. Nibu za aina hiyo hazikuwa na jina la kiwanda cha kalamu. Zilitengenezwa ili zitiwe kwenye kalamu za kila namna, na nyingine zimeingizwa baadaye mahali pa nibu iliyovunjika. Mkusanyaji wa kalamu kamili atanuna. Mwandishi asinune: baadhi ni tamu kuliko zile zenye majina makubwa.

Wala dhahabu si jibu. Karati 14 maana yake ni asilimia 58.5 ya dhahabu, basi. Nibu ya Parker 51, kalamu iliyoingia sokoni mwaka 1941, mara nyingi ni ya dhahabu ya karati 14 na ni ngumu kweli. Nibu za Waterman zinazonesa, yaani zinazopindika zikikandamizwa, nazo ni za karati 14. Tofauti inatokana na unene wa bamba, upana wa mabega ya nibu, urefu wa ndimi zake (zile nusu mbili zilizotenganishwa na mpasuo) na namna ilivyofuliwa kiwandani. Faida ya hakika ya dhahabu ni kwamba wino wenye asidi hauili, wakati chuma cha zamani huliwa kikabaki na vishimo.

Nibu inayonesa, na kwa nini siiweki mfukoni

Hii ndiyo inayowavuta wengi kwenye kalamu kuukuu. Ukiikandamiza kidogo unaposhuka, ndimi mbili zinaachana, wino unajaa katikati, mstari unanenepa. Ukilegeza mkono zinarudiana na mstari unakonda. Waterman za mwanzo wa karne ya 20 na kalamu za Swan za kiwanda cha Mabie Todd zina sifa hiyo, na sifa hiyo ni ya kweli. Kwa anayeandika majina kwenye kadi, au mwenye hati ya mlazo aliyojifunza taratibu, nibu za leo nyingi hazikaribii.

Lakini tazama inachodai. Inanenepa katika mkokoto wa kushuka tu. Ukiisukuma huku imefunguka, kila ulimi unashika njia yake na ncha inachimba karatasi. Inadai mwendo wa polepole, na fidi, yaani kile kipande cheusi chenye mifereji chini ya nibu, kiwe na uwezo wa kuleta wino haraka. Na inamwaga wino mwingi unaochelewa kukauka. Kiganja changu hupita juu ya maneno niliyotoka kuandika, kwa hiyo mnaweza kukisia sura ya ukurasa. Ninayo moja, naipenda, na inakaa mezani kwa ajili ya bahasha.

Ukiipata ya kujaribu, usifanye kama wauzaji wanaoonyesha mstari mpana kupita kiasi ili kukuvutia. Kila ufunguzi wa namna hiyo unaichosha dhahabu, na ufa ukianza hauponi. Kandamiza mpaka uone mstari umeongezeka mara mbili, uishie hapo. Kitu cha kuangalia ni kurudi kwake: ndimi zifunge mara unapolegeza, bila kuacha mwanya. Nibu inayofunguka kwa urahisi lakini inarudi kivivu itakuchosha kabla ya aya ya pili.

Viwanda vilikwishafikiria mkono wako

Zamani mnunuzi aliulizwa anafanya kazi gani, na jambo hilo linanifurahisha sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waterman ilitoa kalamu Nambari 7 ambayo nibu yake ilitambulishwa kwa rangi, na rangi hiyo ikawekwa pia kwenye utepe wa kifuniko. Nyekundu ilikuwa ya kawaida, ya barua na matumizi ya nyumbani. Kijani ilikuwa ngumu, ya kuandikia nakala kwa karatasi ya kaboni. Zambarau ilikuwa ngumu na nyembamba, wahasibu wakaipenda kwa tarakimu ndogo. Waridi ilikuwa nyembamba inayonesa, ikinadiwa kwa waandishi wa hati mkato. Buluu ilikuwa bapa, ya mstari mpana. Na ya njano ilikuwa na ncha ya duara kama gololi, ambayo kiwanda chenyewe kiliitaja kuwa inawafaa wanaotumia mkono wa kushoto. Ukiikuta ya njano ikiwa nzima, nitakuonea wivu waziwazi.

Esterbrook ya Camden, New Jersey, ilifanya vivyo hivyo kwa nambari, na hapa ndipo ningemwambia mgeni aanzie. Kalamu zake za aina ya J za miaka ya 1940 na 1950 zina nibu inayofunguliwa kwa kuzungushwa, ikatoka pamoja na fidi yake, ukatia nyingine dakika hiyohiyo. Mwili mmoja, nibu nyingi. Tarakimu ya kwanza inakueleza utengenezaji: zinazoanza na 1 au 2 ncha yake ni chuma kilekile cha nibu, na huisha mapema, zinazoanza na 9 zimetiwa kitone cha madini magumu. Tarakimu zilizobaki zinaeleza mtindo. Kwa hiyo 2668 na 9668 ni ndugu, zote za mstari wa wastani, ila ya pili ina umri mrefu zaidi.

Kipenzi changu cha kazini ni 9550, ngumu na nyembamba, iliyokusudiwa watunza vitabu vya hesabu. Haina mbwembwe. Inaingia kati ya mistari iliyochapwa, wino unakauka kabla kiganja hakijafika, na nikiisukuma hailalamiki. Kwa barua natumia 2442, bapa nyembamba, inayoupa mwandiko wangu mbaya kivuli cha heshima. 2314 nayo ni bapa lakini ya mshazari. Inafaa anayeigeuza kalamu, mimi hainikubali. Anayetaka kuonja kunesa bila kuhatarisha dhahabu ajaribu 9128, akijua kwamba chuma kinanesa kidogo tu.

Nibu zilizofunikwa na mwili wa kalamu, kama ya Parker 51, au kukunjwa mithili ya mwavuli, kama za Triumph za Sheaffer, nitazipita haraka. Ni za kuaminika, ngumu, na unachochagua ni unene wa mstari tu. Mkandamizaji, anza hapo.

Ukaguzi wa lenzi

Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara 10 kabla hujanunua kalamu. Osha nibu, kwa sababu wino mkavu huficha mengi.

Itazame ncha kutoka mbele kwanza. Ndimi mbili ziwe sawa kwa kimo. Mmoja ukiwa chini ya mwenzake ndio unaokwaruza. Kasoro hiyo mara nyingi hurekebishwa kwa kuusukuma ulimi taratibu kwa ukucha, kwa hiyo isikukimbize. Itazame kwa upande: kitone kiwe na umbo la tone. Kikiwa kimelika chini kama kisigino cha kiatu kikuukuu, ujue mwenye kalamu wa awali ameacha pembe ya mkono wake pale. Ukiishika kwa pembe hiyohiyo itateleza ajabu. Ukiishika kwa pembe yako utakutana na ukingo. Kwa sisi wa mkono wa kushoto hilo ndilo tatizo la kwanza, kwani wengi waliotutangulia walitumia mkono wa kulia.

Kitone kikiwa kimetoka upande mmoja, achana nayo. Kipo kitu kinaitwa kutia kitone upya, lakini ni kazi ya mafundi wachache na gharama yake mara nyingi hupita thamani ya nibu.

Kisha fuata mpasuo kutoka ncha hadi tundu la hewa lililo katikati ya nibu. Uwe unakonda kuelekea nchani, ndimi zikigusana kidogo kabisa. Angalia kuzunguka tundu na kwenye kingo za nibu: mstari mwembamba mweusi usiotoka kwa kufutwa ni ufa. Nibu yenye ufa inaweza kuandika vizuri leo, na muuzaji atakuonyesha hivyo. Nibu inayonesa yenye ufa siichukui kwa bei yoyote. Ngumu yenye ufa mdogo wa ukingoni naweza kuifikiria.

Jaribio la ukurasa

Kuchovya nibu na kuchora nambari 8 hakutoshi. Kuchovya kunaipa wino mwingi kuliko itakaopata kutoka ndani, na ulaini unaousikia huenda ni wa wino. Ukiruhusiwa, ijaze. Tumia wino wa buluu wa kawaida. Kamwe usitie ule mweusi wa wachoraji ambao ukikauka hautoki kwa maji. Andika ukurasa mzima wa maneno yako ya kila siku, kwa kasi yako ya kila siku, kwenye karatasi unayoitumia kweli. Mistari ya kwanza ni ya adabu, kila nibu hujitahidi. Katikati ya ukurasa mkono unasahau kwamba uko kwenye mtihani, na hapo sikiliza: je, unaanza kukaza vidole? Kuna mwanzo wa herufi unaoruka bila wino? Umeanza kukuza mwandiko ili nibu ipate nafasi? Ukibadilika wewe ili nibu ipendeze, si yako.

Ukishapata unazozipenda na kutaka kuzibadilisha kwenye Esterbrook, au kwenye Pelikan 400 ambayo nibu yake pia huzungushwa, loweka upande wa nibu kwanza kwenye maji ya baridi. Usizamishe mwili wa eboniti, yaani mpira mgumu, kwani maji na mwanga huugeuza rangi ya kahawia. Shika nibu pamoja na fidi, juu na chini, uzungushe kinyume cha saa bila kuiminya ncha. Ikigoma, irudishe majini hadi kesho.