SOMO: Kupima gesi ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wa Goma, Kongo, miaka na miaka bila kudanganywa na upepo

Nimechoka kuulizwa "gesi imepanda, mlima unalipuka?" kila anga la Goma linapowaka wekundu usiku. Someni hadi mwisho ndipo muulize.

1. Funga spektromita (mashine ya kuchambua mwanga) upande unakoelekea moshi. Hapa kwetu mara nyingi ni magharibi.

2. Sola, betri, redio ya kutuma data, uzio imara.

3. Futa kioo. Majivu yakiganda, unapima uchafu.

4. Mashine ipekue anga kutoka upeo hadi upeo. Inatafuta mwanga wa jua wa urujuanimno uliomezwa na dioksidi ya salfa (SO2), kwa hiyo usiku hakuna kipimo.

5. Upepo. Hapa tulia. Mashine haikupi tani. Inakupa kiasi cha gesi kilichomo kwenye mkato wa moshi. Tani kwa siku unazipata ukizidisha kwa kasi ya upepo. Ukiandika mita 4 kwa sekunde na kule juu unavuma 8, nusu ya gesi imepotea kwenye karatasi na mlima haujabadilika hata kidogo. Niliwahi kutumia upepo wa bondeni Goma, mita 1,500 hivi, ilhali kilele kiko mita 3,470. Hesabu zote zikaharibika. Tumia upepo wa kimo cha moshi wenyewe kutoka modeli za hali ya hewa. Kimo hicho kipate kwa vituo viwili vinavyoona moshi uleule.
ONYO: ukibadili chanzo cha upepo, andika tarehe.
ONYO: Nyamulagira ni volkano jirani. Mioshi ikiungana, usimbebeshe Nyiragongo yote.

6. Tunza spektra ghafi (vipimo vya mwanga kama mashine ilivyovipokea), usitunze tani tu. Modeli ya upepo ikiboreshwa, utahesabu upya miaka yote.

Swali: Leo tani ngapi? Tuhame?
Jibu: Rudi hatua ya 5. Tangazo la kuhama hutoka kwa wenye mamlaka na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, si kwangu.

Swali: Kama haitabiri, mnapima ya nini?
Jibu: Sijasema haina maana. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka bila dalili bayana za mapema, watu wakafa. Namba ya siku moja ni bure. Za miaka zinakuonyesha kawaida ya mlima. Hata kushuka ghafla kunatia shaka, maana njia ya gesi inaweza kuwa imeziba.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini si kaboni dioksidi, nayo ni nyingi?
Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri sana. Hewa ya kawaida tayari inayo, sehemu 420 hivi kwa milioni, kwa hiyo ya mlima inajificha humo. SO2 karibu haipo hewani, inaonekana kwa mbali. Ila kaboni dioksidi hutoka kwenye magma (mwamba ulioyeyuka) ikiwa bado chini sana, ndiyo maana watu hupanda na vihisi hadi ukingoni kupima uwiano wa hizo mbili. Uwiano ukipanda, huenda magma mpya inaingia kutoka chini. Fuatilia pia setilaiti ya Sentinel-5P inayopima SO2 kutoka juu, iko angani tangu 2017 na hupita mchana.

Swali: Na mazuku mnapima hivyohivyo?
Jibu: Hapana. Hiyo ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Hutumika kihisi cha mkononi, karibu na ardhi. Alfajiri isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi, na mtoto huanguka kabla ya mtu mzima kwa kuwa kichwa chake kiko chini. Msijaribu kwa kibiriti: gesi inaweza kukuangusha moto ukiwa bado unawaka. Na mkiona ndege au mbuzi amekufa bondeni, msishuke kumtoa.