Kutoa mpira wa asili wa sakafu ya Volkswagen Beetle bila kuupasua
Kabla ya kuutoa mpira wa asili wa sakafu ya Volkswagen Beetle ya zamani, yaani ule uliowekwa kiwandani, tenganisha betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, fungua na utoe viti vya mbele na pedali ya mafuta, kisha upashe mpira joto kidogo kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele huku ukiuinua polepole kwa kisu butu cha kupakia puti. Mpira wa miaka mingi huwa mgumu na hukatika pale unapokunjwa, hasa kwenye kona za handaki la katikati (tuta la bati linalopita katikati ya sakafu), lakini joto la wastani huulainisha pamoja na gundi iliyoushika kwenye bati. Usiyeyushe gundi kwa petroli, kwani huuvimbisha mpira, achilia mbali hatari ya moto. Uoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, uanike kivulini, na uuhifadhi ukiwa umelala bapa. Mbinu hii haifai kwa mpira unaomeguka hata ukiwa na joto. Huo uchore kwanza kwenye karatasi ngumu, mipaka na matundu yake yote, ungali mahali pake, ili upate kipimo cha kukatia mwingine.