Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kulala Ndani ya Kinamasi cha Okefenokee

Kinamasi cha Okefenokee kiko kusini mwa jimbo la Georgia nchini Marekani, na ukingo wake mmoja unaingia Florida. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya wanyamapori mwaka 1937, na tangu mwaka 1974 sehemu yake kubwa inalindwa kisheria ili ibaki bila barabara wala majengo mapya. Anayetaka kuingia asubuhi na kutoka kabla ya jioni hulipa kiingilio tu, kisha hukodi mtumbwi au huingiza wake. Kibali maalumu ni cha yule anayekusudia kulala ndani, na ndicho kinachoelezwa hapa.

Waombaji wengi huanza kwa kuchagua tarehe. Ushauri wangu ni kuanza na njia, kwa sababu kibali hiki hakikupi ruhusa ya kuzunguka utakako, bali kinakufunga kwenye mlango fulani wa kuingilia, njia fulani na kituo fulani cha kulala kwa kila usiku. Kila kituo hupewa kikundi kimoja tu kwa usiku, na kikundi hakiruhusiwi kuzidi watu 20. Utaratibu huo una faida kubwa kwako, kwa kuwa ukifika utakuta jukwaa la mbao la kulalia ni lako peke yako. Lakini una maana pia kwamba ukichoka njiani huwezi kugeukia kituo kilicho karibu zaidi, kwani kinaweza kuwa na wenyewe.

Ipate kwanza ramani ya njia za mitumbwi inayotolewa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani, uisome kwa makini. Mlango wa mashariki, karibu na mji wa Folkston, unakutoa moja kwa moja kwenye Mfereji wa Suwannee, ambao kampuni moja ilianza kuuchimba mwaka 1891 ikitaka kukausha kinamasi chote, ikashindwa. Leo mfereji huo ni mpana na mnyoofu, na kwa anayeanza hakuna njia iliyo rahisi kuliko huo. Mlango wa magharibi, karibu na Fargo, unapitia Stephen C. Foster, ambayo ni hifadhi ya jimbo la Georgia yenye ada zake na saa zake za kufunga lango. Ziulize mapema ikiwa utaanzia au kumalizia safari huko. Kaskazini-mashariki kuna Kingfisher Landing, na kutoka hapo hadi kituo cha Maul Hammock ni karibu kilomita 19 za kupiga kafi.

Umbali huo usiupime kwa mwendo wa ziwani. Mtu wa kawaida huenda karibu kilomita 3 kwa saa katika maji haya, na hupungua zaidi mahali ambapo mboji, yaani tabaka la mimea iliyooza, imepanda kutoka chini na kuziba njia. Hapo ukichovya kafi linazama katika tope laini lisilo na mshiko, mtumbwi unakwama juu ya mizizi ya mayungiyungi, na kila hatua ni ya kusukuma. Pondo linakufaa kuliko kafi. Maji yenyewe yana rangi ya chai iliyokolea kwa sababu ya tanini ya majani yanayooza, hivyo kina chake hakionekani kwa macho. Anayelala ndani kwa mara ya kwanza achague kituo cha Cedar Hammock, kilicho kilomita chache tu kutoka mlango wa mashariki.

Ukishaamua njia, piga simu katika ofisi ya hifadhi uulize hali ya maji. Ukame unapozidi, baadhi ya njia hufungwa, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa.

Maombi hufanywa katika tovuti ya serikali ya Marekani iitwayo Recreation.gov. Fungua akaunti kwa jina la kiongozi wa kikundi, tafuta vibali vya kulala vya Okefenokee, chagua mlango na njia, kisha utazame kalenda ya nafasi. Ada hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa hiyo hakikisha idadi ya wenzako kabla ya kukamilisha malipo, na usome masharti ya kufuta safari. Chapisha kibali, kwa maana huko ndani huwezi kutegemea mtandao wa simu.

Masharti yanayoambatana na kibali yasomwe yote, nami nitayagusia yale yanayowakwamisha watu. Ni lazima uwe umeondoka gatini kabla ya saa nne asubuhi, ili giza lisikukute njiani, na kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza unatakiwa uwe kituoni. Kila mtu awe na jaketi la uokozi. Kikundi kiwe na dira, tochi, na choo cha kubebeka chenye mifuko ya kutupwa. Injini haziruhusiwi kwa safari hizi. Hema liwe la kusimama lenyewe, kwani vigingi havina pa kuingia katika sakafu ya mbao. Kuogelea na kulisha aligeta (aina ya mamba) ni marufuku, na mbwa haruhusiwi kupanda mtumbwini.

Kuhusu moto, beba jiko la gesi. Mboji ikikauka huwaka chini kwa chini kwa muda mrefu: mwaka 2017 radi ilianzisha moto uliopewa jina la West Mims, nao ukaunguza zaidi ya ekari 150,000. Moto wa wazi unaruhusiwa mahali palipotengwa tu.

Siku ya safari, onyesha kibali, andika jina la kikundi katika daftari la kuingilia, na mwachie mtu aliye nje ratiba yako pamoja na saa unayotarajia kutoka. Ukitoka, saini tena katika daftari hilo, kwa kuwa kikundi ambacho hakijasaini kinaweza kuhesabiwa kuwa bado kiko ndani na kuanza kutafutwa.