Ukipata nafasi ya kusoma hisabati Bonn, anzia mwisho urudi nyuma

Wadogo zangu mliosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) mkaendelea na hisabati chuoni, nawaandikia nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya hisabati, Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani. Kila msimu wa udahili napata ujumbe uleule: "Dada, nimekubaliwa, nianzie wapi?" Nami huwajibu: anzia mwisho. Fanya kama unavyofanya uthibitisho ukikushinda. Unatazama unakotaka kufika, unajiuliza ni kitu gani lazima kitangulie, kisha nini kitangulie hicho.

Mwisho wa safari ya makaratasi ni kibali cha ukaazi. Kibali kinadai bima ya afya, ushahidi wa fedha na usajili wa makazi. Usajili huo wenyeji wanauita Anmeldung, unatakiwa uufanye ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na huupati bila karatasi iliyosainiwa na aliyekupangisha kwamba kweli unakaa kwake. Basi kitu cha kwanza kutafuta ni chumba, na chumba ndicho wengi tunakiacha hadi tiketi imeshakatwa.

Mimi niliacha. Nilipata chumba kwa mtu ambaye naye alikuwa mpangaji, nikamtumia kodi ya mwezi wa kwanza nikiwa bado Tanga. Nilipofika akaniambia hawezi kusaini, mwenye nyumba hajui kama nipo. Bila saini hakuna usajili, bila usajili namba ya kodi ya mapato haiji, na benki niliyoiendea ikagoma kunifungulia akaunti. Wiki tano nilitembea na noti kwenye soksi. Kwa hiyo, kabla hujatuma hata senti, uliza kwa maandishi: utanisainia karatasi ya usajili? Asiyejibu hilo, au asiyetaka kukuonyesha chumba kwa video, achana naye. Na siku ileile barua ya udahili inapofika, jiandikishe kwenye hosteli za wanafunzi, maana foleni yake ni ya miezi.

Fedha sasa. Bonn hakuna ada ya masomo. Kuna mchango wa kila muhula, kama euro 300 hivi, na ndani yake mna tiketi ya mabasi na treni. Ila ubalozi unataka kuona utaishi vipi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 za mwaka mmoja, zikae kwenye akaunti maalumu inayoitwa Sperrkonto, inayokuachia euro 992 kila mwezi. Kiwango hicho hupanda, kithibitishe kabla hujaweka. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30, na najua nyumba nyingi ambako safari huishia kwenye mstari huo. Njia nyingine ni ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, au ndugu anayeishi Ujerumani asaini katika ofisi ya wageni ya mji wake kwamba atabeba gharama zako. Mimi alinisainia baba mdogo. Alitakiwa aonyeshe mishahara yake, na sheria inambana yeye nikishindwa kujikimu. Ukimwomba mtu jambo hilo, nenda na bajeti iliyoandikwa, umweleze kila senti.

Upande wa nyumbani, pasipoti ni shilingi 150,000, cheti cha kuzaliwa unakipata RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kazi halisi ni majina. Tandaza vyeti vyote mezani, usome jina lako herufi moja moja. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis. Irabu moja hiyo ilinipeleka kwa wakili kula kiapo, kisha nikasubiri. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Dar es Salaam. Viza ya masomo ni euro 75, na majibu huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Muhula wa baridi unaanza Oktoba 1, mihadhara katikati ya mwezi. Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Bima: ukiwa hujafika miaka 30 unaingia bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi. Ukishavuka, ulizia mapema sana, mambo hubadilika. Koti la baridi nunua hukohuko, la Dar halitakufaa. Dagaa wakavu wanaruhusiwa kuingia, nyama na maziwa hapana. Usifike Jumamosi usiku, kwa sababu Jumapili karibu maduka yote yamefungwa.

Hisabati yenyewe ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Nilitoka chuoni nikiwa hodari wa milinganyo ya diferensiali na hesabu za kompyuta. Wenzangu wa hapa walikuja na miaka mitatu ya kuandika uthibitisho: topolojia, aljebra, nadharia ya kipimo. Pengo hilo linazibika, na muda wa kulizibia ni ile miezi mnayosubiri viza. Chukua kitabu kimoja cha aljebra na kimoja cha topolojia, ufanye maswali kwa kalamu. Kusoma uthibitisho wa mwenzako huku unaitikia kwa kichwa hakukusaidii.

Maisha ya hapa yanaendeshwa na karatasi ya mazoezi. Kila kozi inatoa moja kwa wiki, mara nyingi maswali manne, na kozi nyingi hazitakuruhusu kufanya mtihani bila kupata nusu ya alama za karatasi zote. Kwa asiyeyajua maneno haya: ringi ni mfumo unaoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha ndani yake, na homomofizimu ni njia ya kutoka ringi moja kwenda nyingine bila kuvuruga hesabu hizo. Ideali ni sehemu ya ringi ambayo ukijumlisha vitu vyake, au ukivizidisha kwa chochote cha ringi, jibu linabaki humo; ya juu kabisa ni ile ambayo juu yake hakuna nyingine ila ringi yote. Kuivuta nyuma ni kukusanya vyote vinavyotua ndani yake. Kwenye karatasi yangu ya kwanza ya jiometri ya aljebra niliandika kwamba ukiwa na homomofizimu ya ringi, ideali ya juu kabisa ukiivuta nyuma inabaki ya juu kabisa, "ni wazi". Msahihishaji hakuandika sentensi yoyote. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliweka Z → Q, yaani kutoka namba kamili kwenda namba za sehemu, basi. Nilikaa ngazini pale Endenicher Allee 60, jengo letu la hisabati, nikiitazama ile alama. Q ni fildi, yaani unaweza kugawanya kwa chochote kisicho sifuri, kwa hiyo ndani yake sifuri peke yake ni ideali ya juu kabisa. Ivute hadi Z: unapata sifuri tena, lakini ndani ya Z namba shufwa zinaimeza, nazo si Z yote. Dai langu limekufa. Ideali tasa (isiyo ringi yote, na ikiwa na zao la vitu viwili lazima iwe na kimojawapo, kama namba tasa inavyogawa) ukiivuta nyuma ndiyo inayobaki tasa, na siku ile nikaelewa kwa nini jiometri hii imesimama juu ya ideali tasa. Tangu hapo sentensi yoyote ninayotaka kuiita "wazi" naipitisha kwanza kwenye Z, Q na mifano mingine midogo.

Karatasi nyingi mnaruhusiwa kuzikusanya wawili wawili. Tafuta mwenzako wiki ya kwanza, hata kama Kiingereza chako kinasuasua. Ubaoni chaki inatosha. Ratiba ikisema 10 c.t., mhadhara unaanza saa nne na robo. Mwishoni wanafunzi wakigonga meza kwa vifundo vya vidole, hayo ndiyo makofi yao. Alama ya juu ni 1.0 na 5.0 ni kufeli, kwa hiyo mliozoea Division One hamtapotea.

Mitihani mingi ya uzamili ni ya mdomo, kama nusu saa, wewe na profesa na mtu wa kuandika. Hapo kujua peke yake hakutoshi, lazima ulimi uwe umeshapita njia ile. Mimi hujizoeza na mama kwa simu, kwa Kiswahili, kila Jumapili. Mama anauza vitenge, hesabu za shule aliziacha darasa la saba. Nilipokuwa namweleza kundi, yaani mkusanyiko wenye hesabu moja ambamo kila kitu kina mwenzake wa kukifuta, nilianza na saa ya ukutani: saa kumi ongeza saa tano ni saa tatu. Akasema hilo analijua. Nikamwambia kila saa ina mwenzake wa kuifuta, ukienda tano mbele, saba zaidi zinakurudisha ulipokuwa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa sifuri yenu iko wapi hapo?"

Ni saa kumi na mbili, ukiiongeza saa haibadiliki, nikamwambia, na wiki mbili baadaye profesa alianza mtihani kwa kuniuliza kitu hichohicho kuhusu kundi jingine, nikajibu bila kutafuta maneno.