Jinsi ya kubuni itifaki isiyokatika simu inapohama mtandao

TCP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kawaida ya kusafirisha data kwenye intaneti, huutambua muunganisho kwa anwani za IP na poti (namba za milango) za pande zote mbili. Simu ikitoka kwenye Wi-Fi ikashika data ya mnara, anwani yake inabadilika na muunganisho unakufa. Anayebuni itifaki ya simu aanze kutibu hapo.

Hatua ya 1: Tenga kitambulisho na anwani. Jenga juu ya UDP, itifaki nyepesi inayotuma pakiti (vipande vya data) bila kufungua muunganisho, na kila pakiti ya simu ibebe kitambulisho kilichotolewa na seva. QUIC, itifaki iliyotoka kama RFC 9000 (hati ya viwango vya intaneti) mwaka 2021, hufanya hivyo. Toa vitambulisho kadhaa mapema ili simu itumie kipya kila inapohama. Kikibaki kilekile, yeyote anayechungulia njiani anaweza kumfuatilia mtumiaji toka mtandao mmoja hadi mwingine. Wengi huliruka jambo hili. Kwangu ni haki ya mtumiaji, halina mjadala.

Hatua ya 2: Thibitisha njia mpya. Pakiti ikija kutoka anwani ngeni, usiiamini papo hapo. Mshambuliaji anaweza kughushi anwani ya mwingine ili seva yako immwagie data asiyoiomba. Tuma namba nasibu (QUIC hutumia baiti 8), usubiri irudi vilevile. Kabla haijarudi, seva isitume zaidi ya mara tatu ya baiti ilizopokea kutoka huko. Ikisharudi, anza upya kukadiria kasi na ucheleweshaji, kwani vipimo vya Wi-Fi havifai kwenye mnara.

Hatua ya 3: Pakiti kupotea si lazima iwe msongamano. Kwenye LTE (mtandao wa 4G), tabaka la redio hurudia lenyewe kutuma kilichoharibika angani, kwa hiyo mara nyingi pakiti unayoidhani imepotea imechelewa tu. Usiharakishe kuirudia.

Hatua ya 4: Linda betri. Ruta za NAT, zinazowezesha vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje, husahau mtiririko wa UDP ulionyamaza. Pakiti moja kila sekunde 30 huzuia nyingi kusahau, lakini kila pakiti huamsha redio, nayo hukaa macho sekunde kadhaa kabla ya kulala tena. Itume pale tu kuna jibu linalongojwa.

Hatua ya 5: Jaribu. Kwenye seva ya Linux, iga mtandao mbovu kwa amri hii, inayochelewesha pakiti milisekunde 120 (zikipanda au kushuka 40) na kupoteza 1%:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 120ms 40ms loss 1%`

Anza kupakua faili kubwa, kisha zima Wi-Fi ya simu. Kumbukumbu za seva zionyeshe anwani mpya, kitambulisho kipya, na namba za pakiti zikiendelea pale zilipoishia.