SOMO: Kuvundika ndizi bila kabaidi

Swali la jinsi ya kuivisha ndizi bila kabaidi (kemikali inayotoa gesi ya asetilini) linarudi kila wiki, basi jibu likae sehemu moja.

1. Chagua mkungu uliokomaa: ndizi zimejaa, pembe zimeanza kupotea.

2. Kata chane, osha utomvu, zikauke.

3. Panga kwenye tenga, weka pasheni mbivu tatu kwa kila chane. Pasheni hutoa ethilini, homoni ya kuivisha matunda, kwa wingi kuliko ndizi mbivu. Homoni hii ni gesi: hupita hewani na kupenya ganda. Vipokezi vyake ndani ya seli huzuia kuiva mpaka vikamate ethilini kwa chembe yao ya shaba. Hapo vinaacha kuzuia, wanga unageuka sukari, na ndizi inaanza kutengeneza ethilini yake yenyewe.

4. Funika kwa gunia au majani ya mgomba, USIZIBE. Ndizi hutengeneza ethilini kutokana na methionini (aina ya asidi amino), na hatua ya mwisho inahitaji oksijeni. Ukifunga nailoni, oksijeni inaisha, kaboni dayoksaidi inajaa na kuipinga ethilini. Matokeo: ndizi kijani zinazonuka pombe. Funua kidogo asubuhi na jioni. Tenga lisikae juani wala chini ya bati. Joto likizidi nyuzi 30, ndizi aina ya Cavendish hulainika ndani huku ganda likibaki kijani.

5. Rangi ikianza kugeuka, toa pasheni. Zitajimalizia.

MASWALI

Kijana_Rungwe: Mkuu nimefuata yote, siku ya nne bado kijani.
— Umefunika na nini?
Kijana_Rungwe: Nailoni.
— Soma hatua ya 4.

Mama Koku: Shikamoo mtaalamu. Zile ndizi zinazovundikwa shimoni kwa moshi zinaivishwa na joto au moshi?
— Marahaba mama, swali zuri sana. Vyote viwili. Majani yanayofuka bila kuwaka vizuri hutoa ethilini, na joto la shimo huharakisha. Hata ugunduzi wa nguvu ya ethilini kwa mimea ulianzia kwenye gesi ya kuwashia taa: mwaka 1901 Dimitry Neljubow, huko Urusi, alionyesha kwamba ethilini iliyomo kwenye gesi hiyo ndiyo iliyopindisha miche ya njegere maabarani.

Dalali: Kabaidi si ndiyo haraka?
— Usitumie. Asetilini yake huiga ethilini kwa udhaifu, na kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Unawalisha watu.

Mama Koku: Na nikitaka zichelewe?
— Zitenge na matunda mabivu, mahali pa baridi kiasi penye hewa. Friji hapana: chini ya nyuzi 13 ganda la ndizi mbichi hufubaa, na haiivi vizuri tena hata ukiirudisha kwenye joto.